Damu ya Kambare Waliopona

Ungepita mtaa ule wa nyuma ya kituo cha utafiti wa samaki, na pua yako nzima, ungejua Bi Karafuu anarudi kazini kabla hujamwona. Harufu ilimtangulia kona nzima. Hakuwa muuza manukato wala hakuwa mpishi. Alikuwa mtoa damu, tena si damu ya watu, damu ya kambare. Na kambare hachomwi sindano hivi hivi, akakutazama tu. Kwanza hulazwa kwenye beseni la maji yaliyotiwa matone ya mafuta ya karafuu, mpaka alegee, masharubu yamlale, asijue wanaomshika. Kwa miaka ya kuinamia beseni hilo, mafuta yalikuwa yamemwingia mama huyo kwenye vidole, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kulalia. Mumewe, mwokaji mikate aliyestaafu, alikuwa akiwaambia watu kwamba tangu mkewe aanze kazi ile yeye hajaumwa jino hata siku moja.

Kazi yenyewe hakuisomea. Alimaliza shule ya msingi, akakabidhiwa kisu na mama yake aliyekuwa akiuza samaki, akaambiwa ageukie beseni. Alikua akipara magamba na kugombana na wateja, na kambare aliwajua tangu hapo. Samaki huyo huteleza kama sabuni iliyoloa, na ubavuni ana miiba miwili inayoweza kukutoboa ukapiga kelele za kuamsha mtaa. Kituoni aliingia kama mfagizi. Siku moja mtoa damu wa zamani alichomwa na mwiba, akamrusha samaki hewani, samaki akaanguka ukumbini na kuanza safari ya kwenda ofisi ya uhasibu. Mfagizi aliweka fagio chini, akamwinamia, akampitishia kidole gumba nyuma ya mwiba, akamwinua kama anayeokota ndala.

"Hebu mama, mshike tena," wakamwambia.

Akamshika tena. Wiki ile ile fagio likapata mwenyewe mwingine.

Alijisifu, hilo lisemwe wazi. Alitembea mabega juu. "Mkono huu," alikuwa akisema, akiuinua kama bendera, "haujatetemeka tangu uzaliwe." Alimlaza kambare chali juu ya kitambaa kilicholoa, akaipitisha sindano chini ya mkia, katikati kabisa, taratibu, mpaka ncha iguse uti wa mgongo, kisha akairudisha nyuma kidogo tu. Damu ikapanda kwenye bomba, nyeusi-nyekundu. Kabla hujamaliza kupiga chafya, samaki amerudishwa kwenye maji safi, anayumba kama mtu aliyetoka usingizini, halafu huyo, anaendelea na shughuli zake.

Mtu pekee ambaye sifa hizo hazikumwingia akilini alikuwa wifi yake, dada wa mwokaji, aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao lakini akishinda kwao.

"Wifi, na mimi nikuulize," alikuwa akisema, ameshika kiuno. "Samaki huyo mdogo ukimtoa damu, si atabaki mkavu?"

"Ulimi wako wifi nimeuvumilia miaka yote hii, na haujakauka."

"Ndiyo maana hujapata jina la maana. Ungekuwa unatoa damu watu ungeitwa nesi. Wewe unaitwa kiungo!"

Wakacheka, wakapigana mabega, chai ikamwagika. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Basi ulikuja mwaka ugonjwa ukaingia kwenye matangi ya kituo. Kambare walitoka vidonda, wakapoteza hamu ya kula, wakaelea tumbo juu. Tangi baada ya tangi likawa tupu, isipokuwa tangi la pili lililokuwa chumba kingine, ambalo ugonjwa haukulifikia. Ila tangi la kona, ambalo nalo liliugua kama mengine, halikufa lote. Kundi dogo lilipona, na mkubwa wao alikuwa jike moja pana kama mto wa kochi, lenye masharubu marefu na tabia ya kumsukuma kila mwenzake aliyekaribia kona yake. Bi Karafuu alimwita Shangazi. Alikuwa akimpenda waziwazi. Asubuhi alimsalimia, jioni alimuaga.

Mkuu wa kituo hakuwa na mambo ya kupenda samaki. Watu walimwita Bwana Chokaa, maana tiba yake kwa kila kitu ilikuwa ni hiyo. Tangi limeugua? Mwaga maji, ua waliobaki, paka chokaa, anza upya. Alikuwa mtu safi, tai yake imenyooka, na hakuwa mbaya. Alikuwa ameona magonjwa yakirudi mara nyingi kutoka kwa samaki waliodhaniwa wamepona. Akatoa amri: Ijumaa, tangi la kona liondolewe, Shangazi na wenzake wazikwe, chokaa ipite.

Bi Karafuu alivyosikia, aliacha beseni lake pale pale. Akaenda moja kwa moja maabara kwa Daktari, mwanamke mwembamba aliyesomea damu ya samaki na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Wanakwenda kumuua Shangazi!"

"Nimesikia, mama. Na nimeshakwenda kumwomba. Amesema nikimwonyesha kwenye damu yao kwamba wana kinga ya kweli, wataachwa wawe wazazi wa matangi mapya. Nisipomwonyesha, ni chokaa."

"Kinga inaonekana?"

Daktari akamvutia kiti. Akamweleza kwamba chembe za mwili hazikai kimya. Kila saa zinatoa vifuko vidogo mno, vidogo hata darubini ya kawaida haivioni, na vifuko hivyo vinasafiri kwenye damu vikiwa vimebeba mizigo, chembe moja ikiipelekea nyingine. Mwili ukipigana na ugonjwa, vifuko hubadilika, na mizigo yake pia. Baadhi ya protini za ulinzi zilizomo hugeuzwa kidogo tu, sehemu moja hapa, nyingine pale, na kazi yake inakuwa nyingine.

"Chukua kitambaa," alisema Daktari. "Ukikifunga mgongoni kinabeba mtoto. Ukikikunja kichwani kinabeba ndoo. Kitambaa si kile kile?"

"Kile kile."

"Umebadilisha mkunjo tu. Mwili nao ndivyo unavyofanya. Badala ya kutengeneza askari mpya kwa kila kazi, unamkunja aliyepo."

Bi Karafuu alirudi nyumbani kichwa kimejaa vifuko. Alimsimulia mumewe mezani mpaka chakula kikapoa. Alimweleza jinsi Shangazi na wenzake, pamoja na kambare wa tangi la pili ambao hawakuwahi kuugua, watakavyotolewa damu kesho, na kwamba tangu jioni ile hawapewi chakula.

Mwokaji akaacha kutafuna. "Mgonjwa ndiyo kwanza amepona, mnamnyima kula?"

"Ndiyo kanuni. Wewe kula."

Kesho yake mambo yalikwenda kama maji. Mkono haukutetemeka. Damu ya matangi yote mawili ilipatikana, ikawekwa kwenye mashine ya kuzungushia, ikazunguka mpaka chembe nyekundu zikatulia chini na maji ya damu yakabaki juu. Maji ya kambare wa tangi la pili yalikuwa ya manjano hafifu. Ya akina Shangazi yalikuwa kama yametiwa maziwa.

"Ona!" alisema Daktari, na macho yakamtoka. "Ona yalivyojaa!"

Akayachuja, akayapunguza, akatia tone kwenye mashine yake yenye mwanga mkali, ile inayohesabu vitu vidogo kwa kuviangalia vikicheza. Kwenye kioo chake cheusi vikatokea vidoti vyeupe. Kwa wale wa tangi la pili, vidoti vilikuwa vichache, vinarukaruka kama watoto walioachwa uwanjani peke yao. Kwa akina Shangazi, jamani, ilikuwa harusi! Kioo kizima kiliwaka. Vidoti viligongana, vilizunguka, vilikosa pa kukanyaga.

Daktari akapiga kelele. Bi Karafuu akapiga vigelegele mpaka mlinzi wa getini akaja mbio na rungu. Wakashikana mikono wakacheza pale pale katikati ya vichupa, koti jeupe na kitenge, wakirukaruka kama vile vidoti vyenyewe. Daktari akasema hajawahi kuona tofauti kubwa hivyo tangu aanze kusoma. Bi Karafuu akasema yeye alijua toka mwanzo, Shangazi si wa kuugua bure.

Jioni hiyo mtaa mzima ulipata habari. Muuza mkaa alijua, fundi viatu alijua, na watoto waliokuwa wakiruka kamba waliimba habari za vifuko bila kujua ni vifuko vya nini. Hata wifi alikuja akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo wewe," alisema, "umeokoa samaki."

"Mimi na Daktari."

"Na Daktari. Basi mimi sitakutania mpaka kesho saa nne."

Mwokaji alikoka tanuri lake ambalo lilikuwa limelala muda mrefu, akaoka keki ndefu ya umbo la kambare, masharubu ya sukari, macho ya zabibu kavu. Alhamisi waliipeleka kituoni, wakaiweka chumba cha chai. Bwana Chokaa naye alialikwa, akaja na tai yake, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka makombo. Alikuwa ameshaoneshwa picha za vidoti. Alikuwa ametikisa kichwa polepole na kusema, "Haya. Tutaona."

Daktari alisema machache. Bi Karafuu alisema mengi. Kisha mwokaji, ambaye hakuna aliyemwomba, akagonga kikombe kwa kijiko.

"Ndugu zangu," alisema, kifua mbele. "Mimi si msomi wa damu. Lakini nafurahi kwamba na mimi nina mchango wangu mdogo katika jambo hili."

"Mchango gani tena?" akauliza mkewe, huku akicheka.

"Asubuhi ile ulisahau miwani. Nikakuletea. Ulikuwa bado unapanga sindano za kazi ya mchana, nikapita pale kona kumwona huyo Shangazi. Mke wangu, alinifungulia mdomo! Mtu aliyetoka kuugua, tangu jana hajala! Nilikuwa na mkate wangu wa kifungua kinywa, umepakwa siagi sawasawa. Nikawamegea wote. Walikula kwa adabu, na nikasema moyoni, hawa leo watatoa damu nzuri."

Kipande cha keki kilikuwa kimefika mdomoni mwa Daktari, kikabaki hapo hapo.

"Siagi," alisema Daktari.

"Nyingi," alisema mwokaji, akitegemea kupongezwa.

Daktari akaweka kipande chini, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mafuta! Yale maziwa yalikuwa mafuta! Samaki akishakula, mafuta yanatembea kwenye damu kwa matone madogo, na mashine yangu haijui tone la mafuta ni lipi na kifuko ni kipi. Inahesabu tu kinachocheza." Akamgeukia Bi Karafuu. "Mama, tumecheza na siagi!"

Angeweza kulia, na kwa sekunde ilionekana kama atalia. Badala yake kile kicheko chake kikubwa kikamtoka, kikampata mlinzi, kikampata na Bi Karafuu ingawa machozi yalikuwa yanamtoka kweli, maana alijua maana yake. Ni mwokaji peke yake aliyebaki amesimama na kijiko, anauliza, "Nimekosea? Nimekosea wapi?"

Bwana Chokaa hakucheka. Alipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Kwa hiyo hatuna ushahidi. Kesho ni Ijumaa."

Bi Karafuu akasahau kwamba anazungumza na mkuu. Akasimama mbele ya mlango.

"Bosi, samaki hawajakosa chochote. Aliyekosa ni huyu hapa, nimeolewa naye mimi. Kama ni chokaa, mpake yeye."

Hapo midomo ya Bwana Chokaa ikacheza kidogo, akaibana. Daktari akaomba wiki moja, samaki wapumzike, wafunge kula safari hii kweli kweli, watolewe damu upya. Mkuu akaangalia keki, akamwangalia yule mama aliyeziba mlango.

"Ijumaa ijayo," alisema. "Na mimi mwenyewe nitakuwepo kuangalia. Na huyu bwana nisimwone karibu na matangi."

Nyumbani, wifi alivunjika mbavu mpaka akakaa chini. Alimtania kaka yake kwa siagi, akamtania wifi yake kwa vigelegele, akaiga mlinzi na rungu lake. Alipomaliza akajifuta machozi, akaona Bi Karafuu hacheki.

"Wifi. Kweli watawazika?"

"Tukishindwa tena, watawazika."

"Basi siku ya kufunga nitakuja kulinda mimi. Kaka yangu namjua. Huruma ikimshika huwezi kumzuia wewe, utamwonea haya. Mimi simwonei."

Na alikuja. Siku samaki walipoanza kufunga alifika kituoni na kigoda na sufu yake ya kufumia, akakaa mbele ya tangi la kona kama askari wa benki. Kumbe adui hakuwa mmoja. Mlinzi wa getini alikuwa na desturi ya kuwatupia makombo akipita, alirudishwa. Mfagizi alikuja na punje za wali kwenye kiganja, "kidogo tu kwa ajili ya Shangazi," naye akarudishwa na maneno juu. Mwokaji aliambiwa asije, akaja mpaka getini, akasimama mikono mfukoni akitazama mawingu.

"Toa mikono!" dada yake akamfuata.

"Nasubiri mke wangu."

"Mfuko wa kulia. Hicho ni nini?"

"Hiki ni kipande changu mwenyewe! Cha kutafuna!"

"Kitafune hapa hapa, nikuone."

Akakitafuna chote, amesimama wima, mlinzi akimhesabia matonge kwa kicheko. Jioni ulipofika wakati wa kufunga kituo, wavu uliwekwa juu ya tangi, kufuli mbili zikapita, na ufunguo Daktari akautia mfukoni mwake. Shangazi alipanda juu, akafungua mdomo chini ya wavu, akawatazama wote kwa zamu. Bi Karafuu alilazimika kugeuza uso.

Ijumaa ilifika. Bwana Chokaa alisimama upande mmoja wa meza, Daktari upande wa pili, beseni la karafuu katikati. Samaki wengine walitolewa damu vizuri. Shangazi alikuwa wa mwisho. Alipolazwa chali juu ya kitambaa, tumbo jeupe juu, Bi Karafuu akachukua sindano, na mkono ule uliokuwa haujatetemeka tangu uzaliwe ukatetemeka kama jani.

Wote waliona. Akaishusha sindano, akavuta pumzi.

"Msinitazame," alisema. "Tazameni dirisha. Na wewe pia, bosi."

Mkuu wa kituo akageuka, akatazama dirisha. Sindano ikapita chini ya mkia, ikagusa mfupa, ikarudi kidogo. Damu ikapanda.

Mashine ilipomaliza kuzungusha, maji ya damu yalikuwa ya manjano matupu, safi, unaona hadi upande wa pili. Hapakuwa na maziwa. Kwenye kioo cheusi vidoti vilitokea, vikacheza, ila havikujaa. Daktari akahesabu vya tangi la pili, akahesabu vya akina Shangazi. Wale waliopona walikuwa navyo zaidi, lakini kidogo tu, tofauti ambayo usingeiitia mtu keki.

Bwana Chokaa akakohoa.

"Bado," alisema Daktari haraka. "Hiyo ni idadi ya vifuko. Sijatazama mizigo."

Kutazama mizigo kulichukua mpaka Jumatatu mchana, na Jumamosi na Jumapili hizo Bi Karafuu alikula kwa kulazimishwa. Daktari alikuwa amezitenganisha protini zilizokuwa ndani ya vifuko, akazihamishia kwenye karatasi, akaipaka dawa inayozitia weusi zile tu zilizokunjwa upya. Akaiweka karatasi juu ya kisanduku cha mwanga. Upande wa tangi la pili palikuwa na mistari hafifu, kama penseli iliyofutwa. Upande wa akina Shangazi mistari ilikuwa minene, myeusi, kila samaki wake, na mweusi kupita yote ulikuwa pale ilipo protini moja ya ulinzi inayojulikana kwa kutoboa vijidudu.

"Vifuko si vingi," alisema Daktari, na safari hii alisema polepole, akichagua maneno. "Ila vimebeba vingine kabisa. Mkuu, sitasema tena zaidi ya ninachokijua. Hii haithibitishi kwamba hawataugua kamwe. Inaonyesha miili yao imejifunza kitu ambacho hawa wengine hawana, na tukiwazika, nacho tunakizika."

Bwana Chokaa akainama, pua karibu iguse karatasi. Akakaa hivyo muda mrefu. Bi Karafuu alikuwa amemshika mkono wifi, aliyekuja naye, kwa nguvu hadi wifi akauma mdomo.

"Na safari hii hawakula?" akauliza mkuu bila kuinua kichwa.

"Bosi," alisema wifi, "hata mate hawakumeza."

Akanyooka. Akaweka tai sawa. "Watenganisheni wawe wazazi. Wapelekeni tangi la mbali, peke yao. Lakini hili la kona," akainua kidole, "hili lazima nilipake chokaa."

"Lipake bosi, lipake hata mara mbili!" Bi Karafuu akapiga kelele, na vigelegele vilivyofuata vilimfikia mlinzi, ambaye safari hii alikuja mbio bila rungu.

Walimbeba Shangazi kwenye gunia lililoloa, mwokaji ameruhusiwa kushika ncha moja, mkewe nyingine. Ukumbini Bwana Chokaa alijibana ukutani kuwapisha, na Shangazi, ambaye safari hii hakuwa amelazwa na chochote, akapiga mkia mmoja wa haki. Maji na utelezi vikampata mkuu kuanzia tai hadi viatu. Akabaki amefumba macho, mikono imejitanua, anadondoka. Kisha bega likaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, chembamba, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. Wabebaji wakaishiwa nguvu. Bi Karafuu akateleza, akakaa kwenye maji, amelikumbatia gunia kifuani ili lisianguke.

"Niinueni!" alikuwa akipiga kelele huku akicheka. "Jamani, niinueni, ananikimbia!"

Lakini hakuna aliyeweza, kila mtu ameshika mbavu zake.